Jinsi ya Kula Mchicha wa Shilingi Elfu Thelathini

Kabla ya kununua mbegu, nunua pama. Bustani ya jikoni bila pama ni kilimo, na kilimo kila mtu anakijua: kina jembe, kina mgongo unaouma, na kina shangazi kijijini anayepiga simu kuulizia hela ya mbolea. Wewe hukukusudia hayo. Umeamua, kama walivyoamua wenzako wengi wa Mbezi, Goba na Kigamboni, kwamba kuanzia sasa nyumbani kwako kitaliwa kile tu kilichooteshwa uani, kikachumwa asubuhi na umande wake, kikapikwa na kuokwa kwa mikono ya mwenye nyumba. Hongera. Mwongozo huu umezingatia hali halisi ya Dar es Salaam, yaani udongo wa kichanga, maji ya mgawo, kuku wa jirani, na mama mkwe aliyekuja kukaa wiki moja tangu kabla ya Ramadhani.

Jambo la kwanza ni kuigawa bustani mafungu mawili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ni ya kupigwa picha. Ya nyuma ni ya kuliwa. Wengi wanaoanza wanakwama kwa sababu wanachanganya: wanapanda matembele mbele, wageni wakadhani ni majani hayajafyekwa, wanapanda rozimeri nyuma, ikafa bila shahidi.

Bustani ya mbele

Hapa inakaa mimea yenye majina ya hoteli: rozimeri, oregano, pasli, na rehani ile ya Kitaliano yenye majani mapana. Miche utaipata kwenye vitalu vya maua kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, na bei itategemea gari uliloshuka. Shuka kwenye daladala. Muuza miche atakuhakikishia kwamba rozimeri haina shida, ni maji tu asubuhi na jioni. Ukimsikiliza, mwezi hautaandama mara mbili kabla hujarudi kununua mche mwingine, na hapo utakuwa umeielewa biashara yake.

Rozimeri asili yake ni vilima vikavu vya kandokando ya Bahari ya Mediterania. Inapenda jua kali, udongo unaopitisha maji upesi, na mwenyewe anayeisahau. Nairobi wanaipanda ikawa ua wa nyumba, wanaipunguza kwa mkasi mkubwa, na hakuna anayejisifu. Lushoto nako inastawi. Dar, kwenye joto lenye unyevunyevu, ukiimwagilia kwa mapenzi mizizi inaoza na matawi yanakauka kuanzia chini. Usihuzunike. Rozimeri iliyokufa inafanana na iliyo hai kwa muda mrefu, na harufu inabaki vilevile. Utaendelea kuipiga picha na hata kuchuma kijitawi cha kuweka juu ya viazi, na hakuna atakayekuomba cheti cha daktari.

Giligilani ni mtihani wa imani. Mbegu usinunue za paketi yenye picha; nenda duka la viungo ukapimiwe, mradi zisiwe zimekaangwa. Kila punje unayoiona ni mbegu mbili zilizoshikana ndani ya ganda moja, kwa hiyo zisugue kidogo kwa chini ya chupa zipasuke, ziloweke usiku kucha, kisha zifukie na uzisubiri wiki mbili, pengine tatu. Katika muda huo usiguse udongo kuangalia kama zimeota. Utagusa. Panda Juni, kipupwe kikianza, mahali penye kivuli cha mchana. Ukipanda Januari itatoa majani matatu, itakumbuka kwamba ina safari, itapandisha kikonyo, itatoa maua meupe, na mwisho itakurudishia mbegu zilezile ulizonunua, pungufu kidogo.

Weka pia mche mmoja wa nyanya. Mmoja unatosha. Tengeru 97, mbegu iliyotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru kule Arusha, ina tunda gumu linalovumilia safari ndefu ya kwenda sokoni. Lako safari yake ni kutoka kibarazani hadi jikoni, lakini ugumu huo utasaidia wageni wanapolibonyeza. Adui yako ni kantangaze, nondo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini akaingia nchini mwaka 2014 na kuwatia hasara wakulima wa nyanya wenye mashamba ya kweli. Kiwavi wake anachimba njia ndani ya jani, halafu anahamia ndani ya tunda na kuacha kitundu kidogo cheusi karibu na kikonyo. Mkulima wa Arusha au Iringa akiona kitundu hicho anapiga hesabu ya mkopo. Wewe zungusha tunda, upande mzima uelekee kamera.

Uchafu wa kununua

Sehemu kubwa ya Dar udongo wake ni ufuko uliohamia bara, kwa hiyo utanunua udongo. Ni hatua inayomsumbua mtu yeyote aliyelelewa mahali ambapo udongo ulikuwa ukifutwa miguuni kabla ya kuingia ndani, ila ndiyo bei ya maisha ya asili. Utaletewa na kirikuu, utaambiwa ni udongo mweusi wa mtoni, na ukishamwagwa utakuta ndani yake vipande vya vigae, kandambili ya mtoto, na mbegu za kila gugu linaloota kati ya hapo na Ruvu.

Changanya hivi: madebe mawili ya udongo, debe moja la samadi, debe moja la mchanga au pumba za mpunga ili maji yapite. Samadi iwe imeoza. Narudia kwa sababu hapa ndipo kejeli inapoisha kwa dakika moja: mbolea mbichi ya kuku inachoma mizizi, na miche yako itanyauka siku ya tatu kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Iache kivulini miezi miwili hadi mitatu, uwe unaigeuza na kuinyunyizia maji mpaka ipoteze harufu. Katika kipindi hicho majirani nao wataigundua bustani yako, kila upepo unapogeuka.

Kama huna uwanja, tumia kiroba. Watu wa Kibera, Nairobi, wamelisha familia kwa bustani za magunia, na ufundi wake unastahili kuigwa bila utani. Simamisha gunia, weka kopo lisilo na kitako katikati, jaza mawe madogo ndani ya kopo na udongo pembeni. Ukishafika juu ya kopo unalivuta, unalijaza mawe tena, unaendelea, mpaka linatokea bomba la mawe tangu chini hadi juu. Maji unayomwaga katikati yanashuka kupitia mawe na kusambaa. Pembeni unatoboa matundu na kuchomeka miche ya sukumawiki. Gunia moja linabeba miche mingi kuliko kitanda kidogo cha bustani, halifikiwi kirahisi na kuku, na linahamishika mwenye nyumba akipandisha kodi. Kwa bustani ya mbele gunia litafaa pia, mradi ulifunike kwa kitenge. Wa Kibera hawakuhitaji kitenge, lakini wao walikuwa na njaa tu, hawakuwa na wafuasi.

Sasa jumlisha. Udongo, kirikuu, kijana wa kushusha, samadi, keni ya kumwagilia, mbegu, pama, na bili ya maji itakayokuja mwisho wa mwezi. Mchicha unakomaa upesi, wiki tatu au nne tangu kusia, na mbegu zake ndogo mno unazichanganya na mchanga ili zisidondoke zote mahali pamoja. Ukishachuma fungu lako la kwanza, litakuwa limekugharimu si chini ya shilingi elfu thelathini. Gengeni, mita hamsini kutoka getini kwako, mama anauza fungu kama hilo kwa mia tano na anakuongezea nyanya chungu moja kwa sababu anakufahamu. Usipite mbele ya genge lake ukiwa umebeba mchicha wako. Si vizuri, na isitoshe bado utamhitaji Jumatano.

Kuhusu nani atakayemwagilia: mwongozo unasema mikono ya mwenye nyumba, na mikono ya mwenye nyumba ndiyo itakayoonekana. Dada wa kazi anamwagilia saa kumi na mbili asubuhi, wewe ukiwa kwenye foleni ya Mwenge, na jioni tena, wewe ukiwa kwenye foleni hiyohiyo upande wa pili. Jumamosi unavaa pama, unachukua keni iliyojaa nusu ili isikuelemee, na unapiga picha. Dada asionekane kwenye fremu. Akiuliza kwa nini mpira wa maji uwekwe pembeni wakati ndio alioutumia wiki nzima, mwambie mwanga haukai vizuri.

Bustani ya nyuma

Huku hakuna mwongozo. Huku yupo mama mkwe.

Alifika na begi moja, na fundo la vipande vya matembele lililofungwa kwenye kanga iliyolowanishwa. Siku ya pili, akiwa anaongea na simu, alivichomeka ardhini nyuma ya karo kwa kidole gumba, bila samadi, bila kipimo, bila kukatisha mazungumzo. Maji yake ni yale yaliyosuuzia mchele. Baada ya wiki chache matembele yalikuwa yamefunika sehemu yote ambayo wewe uliipangia kitanda cha pasli, na unapochuma leo, kesho kutwa yamechipua pengine. Kunguru anayapita. Kuku wa jirani anayala na hayapungui. Alipomaliza hayo akaingiza mnavu, mpilipili mbuzi mmoja, kichaka cha mchaichai kando ya bomba linalovuja, na bua la mpira kwenye kona.

Mpira huo una historia ambayo bustani ya mbele ingetamani kuwa nayo. Ni ndugu wa muhogo aliyetoka Brazili, na Wajerumani walipokuwa watawala wa Tanganyika waliujaza mashambani wakitafuta utomvu wa kutengenezea mpira. Ilipofika mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeshusha bei, na biashara hiyo ikaporomoka. Makampuni yakaondoka, miti ikabaki, na akina mama wakatazama majani yake wakaona kisamvu. Mpaka leo kuna wanaoapa kwamba kisamvu cha mpira ni kitamu kuliko cha muhogo. Dola zima lilikuja kutafuta matairi, likaacha mboga.

Mnavu chuma majani machanga tu, uchemshe, na maji ya kwanza uyamwage. Yale matunda madogo ya kijani usiyaguse na watoto wasiyachezee, yana sumu. Haya mama mkwe hayasemi, anayatenda, kwa hiyo simama karibu naye umtazame, huku ukijifanya umekuja kutafuta kijiko.

Jikoni

Anza na rojo ya rehani, kwa sababu ndiyo itakayohalalisha bustani ya mbele. Vikombe viwili vya majani, punje mbili za kitunguu saumu, kiganja cha korosho za Mtwara zilizokaangwa badala ya mbegu za msonobari zinazouzwa kwa bei ya vito, chumvi, ndimu, na mafuta ya zeituni robo kikombe. Watu wa Genoa huitwanga kwenye kinu cha marumaru kwa mchi wa mti. Wewe kinu unacho, kipo nyuma ya mlango wa stoo kimeshikilia ufagio, lakini utatumia blenda, kisha utaandika kwamba umetwanga. Rojo itatoka ya kijani kibichi inayong'aa. Imwage juu ya tambi, pamba kwa jani moja, ita familia mezani.

Mama mkwe ataonja. Atanyamaza kwa adabu, atakunywa maji, ndipo atakapouliza kwa upole, “Mwanangu, hiki kisamvu kimeuona moto kweli?”

Swali hilo lina busara kuliko linavyosikika, na jibu lake usilifanyie mzaha. Rehani huliwa mbichi, kisamvu kamwe. Majani ya muhogo na ya mpira yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunayapasua ili sumu iachie, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria kunaitoa. Kwa hiyo wewe unayesaga kila jani na ndizi asubuhi ukaita kinywaji cha afya, kisamvu kipitie mbali. Kitwange na kitunguu saumu, kichemshe mpaka kilainike kabisa, ndipo utie karanga na tui. Hiki kitaliwa mpaka sufuria ikwanguliwe, wakati tambi zako zinasubiri kwenye jokofu zikibadilika rangi.

Na rehani ikistawi sana, jihadhari na msimu wa harusi. Kwa watu wa pwani mmea huu haukuumbwa kwa ajili ya tambi. Unakwenda na asumini na mkadi kwenye kikuba, na kifuani au kwenye nywele ndipo mahali pake. Wifi yako atapita mbele ya kibaraza Ijumaa jioni, atasimama, atavuta pumzi. “Wifi! Kumbe unayo hii na unatuachia tukanunue Kariakoo?” Atasema anakata kidogo. Asubuhi utakuta vijiti.

Pilipili mbuzi inataka aya yake mwenyewe lakini itapata nusu. Ikate ukiwa umepaka mafuta mikononi au umevaa glovu. Ule ukali haukubali maji, unakubali mafuta, ndiyo maana aliyekwisha kujipangusa jicho akikimbilia bomba anazidi kupiga kelele. Ukitaka achari, tia ndimu na chumvi, uanike juani siku kadhaa kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Mpe kila mgeni kichupa. Hiki ndicho kitu pekee cha bustanini kwako ambacho mtu atakupigia simu kukiulizia tena.

Moto juu, moto chini

Sasa kuoka. Watu wa bustani ya mbele wanaoka biskuti za rozimeri, nami sina ugomvi nao. Mtoto atakula moja, atauliza kwa nini ina harufu ya sabuni, na mjadala utafungwa. Lakini kama kweli unataka kuoka kitu kinachotokana na uani kwako, oka mkate wa kumimina wenye mchaichai. Unaonekana mwepesi kwenye karatasi.

Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi kuna nazi kwa mbuzi, na kama hujui kuikalia mbuzi, hapa ndipo utakapojulikana, maana haikaliwi kwa kusitasita. Kamua tui zito kikombe kimoja na nusu. Ponda mashina matatu ya mchaichai kwa mchi, sehemu ile nyeupe ya chini, uyatie kwenye tui na ulipashe moto mdogo huku ukikoroga mfululizo lisikatike. Likishanukia, epua, toa mashina, acha lipoe. Lipoe kabisa: hamira ina uhai, ukiitia kwenye tui la moto umeiua, na utakachopata ni uji uliokaa kitako.

Saga mchele kwa tui hilo mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Tia sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki nusu kijiko. Iliki usijaribu kuipanda. Inataka ubaridi na kivuli cha msitu, kama ule wa Amani kwenye milima ya Usambara, na hata huko inachukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa. Inunue, imenye, isage, na ikiulizwa ilikotoka jibu kwa kutazama kwa mbali. Funika rojo. Kwa joto la Dar itaumuka ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Ikijaa mapovu, ongeza ute wa yai moja uliopigwa.

Pasha sufuria nzito yenye mafuta, mimina, acha moto mdogo chini. Vitundu vitajitokeza juu na kingo zitaanza kukauka. Hapo ndipo wapishi wanapotengana na wapiga picha, kwa sababu kwa desturi sufuria sasa inageuzwa kifudifudi juu ya jiko la mkaa, uso wa mkate ukiyatazama makaa, mpaka upate rangi ya dhahabu. Umesoma vizuri. Unaigeuza. Mkate uliokamata kingo za sufuria utashika. Kama ulipaka mafuta kwa ukarimu pembeni, au ulikuwa na haraka na katikati bado ni mbichi, mkate utashuka kwenye makaa wote kwa pamoja, na harufu ya mchaichai itawafikia majirani wote kwa njia ambayo hukuipanga. Mama mkwe anaigeuza kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika simu.

Mwenye moyo mdogo ana njia mbili. Anaweza kupalia, yaani kufunika sufuria kwa kifuniko cha bati na kupanga makaa juu yake, moto juu, moto chini, au anaweza kuwasha oveni nyuzi 180 na kusubiri kama nusu saa. Serikali ina mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, nami nauunga mkono kwa mapafu yangu yote mawili. Ila mtungi wa gesi hauwaki kwa juu. Kwa hiyo utakuta nyumba zenye jiko la gesi la plati nne, linalong'aa, na nyuma ya nyumba jiko moja la mkaa limefichwa chini ya beseni kwa ajili ya mkate huu na wali wa Idi.

Imebaki keki, na keki inataka vanila. Mtu wa bustani halisi hatatumia vanila ya chupa. Vanila inalimika hapa nchini, Kagera wanaijua vizuri, na taratibu zake ni rahisi kuzieleza. Unapanda kipande cha mtambaazi kwenye mti wa kukiegemea, kivulini. Unasubiri kama miaka mitatu. Maua yanapotoka, kila ua linafunguka asubuhi moja tu na kufunga siku hiyohiyo, na kwa kuwa huku hakuna mdudu wa kuaminika wa kulichavusha, unalichavusha wewe, kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo aliigundua mwaka 1841 kijana wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kwenye kisiwa cha Réunion. Mashamba mengi ya vanila duniani yanamtegemea yeye hadi leo, na hakuutajirikia ugunduzi huo. Ukichavusha, unasubiri tena miezi tisa maganda yakomae. Kisha unayachovya kwenye maji ya moto, unayafunika yatoe jasho, unayaanika, unayahifadhi miezi mingine. Keki uliyokusudia kwa siku ya kuzaliwa ya mwanao itakuwa tayari akiwa anaanza shule, kama hukuchelewa kuamka siku lile ua lilipofunguka.

Wakati ukisubiri, ipo ile chupa ndogo ya dukani, ambayo ladha yake wanakemia wa Ujerumani waliweza kuitengeneza maabara tangu mwaka 1874. Ihamishie kwenye chupa isiyo na nembo.

Wageni

Alika watu Jumapili mchana, saa ambayo jua limepanda na konokono wamejificha. Wapitishe kwanza mbele. Waoneshe rozimeri kwa mbali kidogo. Waache wanuse rehani, kama wifi amebakisha. Nyanya usiwape waishike, itazunguka. Mezani panga kila kitu: tambi za kijani katikati kwenye sahani kubwa, na pembeni, bila kusema neno, wali, kisamvu, matembele ya nazi, samaki wa kukaanga, na ule mkate. Utaona mikono inakwenda wapi. Tambi zifuatilie kwa macho, na mgeni atakayechukua kijiko kimoja kwa heshima mkumbuke, huyo ndiye wa kualikwa tena.

Wakati wa kuaga atatokea mmoja, mara nyingi yule aliyekuja na gari zuri kuliko wote, atakuvuta pembeni. Utajiandaa kumkatia kijitawi cha rozimeri. Yeye atakuwa anachungulia nyuma ya karo. “Samahani, dada, yale matembele… unaweza kunipa mbegu?”

Mkatie vipande vya urefu kama wa rula ya mwanafunzi, vyenye vifundo vinne au vitano. Mtolee majani ya chini, vifunge kwa kanga iliyolowanishwa, mwambie afukie nusu ya kipande jioni jua likipungua. Akiuliza unatumia udongo gani, mtajie ule wa kirikuu. Akiuliza dawa, mwambie ni siri ya familia. Namba ya mama mkwe usimpe.